Historia ya baridi Uvira: kutoka frigo ya petroli hadi kompresa inayopunguza mwendo

Safari hii sileti habari ya risasi wala ya foleni ya mpaka wa Kavimvira. Naleta habari ya frigo.

Msicheke. Familia inaporudi nyumbani baada ya kukimbia, huangalia kwanza kama paa lipo, kisha huchomeka frigo kuona kama inaitika. Kwa mama anayeuza maji baridi na barafu, frigo ni shamba lake. Kwa muuguzi wa kituo cha afya, frigo ni chanjo za watoto wa mtaa mzima. Kwa mgonjwa wa sukari ni dawa ya mwezi mzima. Na siku hizi mafundi wetu wanaulizwa swali lilelile kila siku: "Fundi, naweza kutoa kompresa hii ya zamani niweke ile ya inverta inayokula umeme kidogo?" Ni swali zuri, na ili kulijibu vizuri inabidi turudi nyuma kidogo.

Kabla ya mashine

Wazee wetu hawakuwa na baridi, walikuwa na jua, chumvi na moshi. Ndagala waliovuliwa usiku kwa taa walitandazwa mchangani asubuhi, na jua likiwa kali walikauka siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha, mavuno ya usiku mzima yaliharibika. Mikeke na kuhe walikaushwa kwa moshi. Ndiyo maana samaki wa ziwa hili walifika mbali kabla ya lori lenye barafu: walisafiri wakiwa wakavu. Hata leo, katika masoko yetu, ndagala mkavu ndiye samaki asiyemwogopa mtu wa SNEL.

Baridi ya kutengenezwa ilifika huku pamoja na wakoloni na wamisionari, na ilifika bila umeme. Mwaka 1922 vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni frigo isiyo na kompresa hata kidogo. Inatumia joto: unawasha utambi wa petroli chini yake, joto linasukuma amonia kwenye mabomba, na ndani kunapata baridi. Kampuni ya Electrolux iliisambaza duniani kuanzia miaka ya 1920, na katika Afrika yetu frigo hizo zikakaa kwenye misheni, mashamba na zahanati kwa miaka mingi. Zilikuwa kimya, lakini zilikuwa na tabia zake. Utambi ukichafuka, baridi ilipotea. Petroli ikichelewa kufika, chanjo ziliharibika. Usiku wa baridi, ukisahau kupunguza moto, zingeweza kugandisha dawa ambazo hazitakiwi kuganda.

Ruzizi inawasha taa

Wakati huo, kwingineko, mashine ya aina nyingine ilikuwa imekwisha kukomaa. Julai 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alichora mtambo wa kupooza na kukausha hewa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi haziangukii mahali pake. Kwa hiyo mtambo ule, ambao wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha leo, haukutengenezwa kwa ajili ya starehe ya mtu, ulitengenezwa kwa ajili ya karatasi.

Moyo wa mashine za namna hiyo ni kompresa, yaani ile moteri nyeusi iliyofungwa kama chungu nyuma ya frigo. Inavuta gesi, inaibana, gesi inapata moto. Gesi hiyo inapita nyuma ya frigo na kutupa joto lake nje, inakuwa maji, kisha inapenya kitundu chembamba na kulipuka kuwa baridi ndani. Kompresa ni kama mama anayekamua nguo: anakusanya joto la ndani na kulimwaga nje, tena na tena.

Kompresa inataka umeme. Kwetu umeme wa maana ulianza kwenye mto. Bwawa la Ruzizi I, pale mto unapotoka Ziwa Kivu karibu na Bukavu, lilianza kazi mwaka 1958 likiwa na nguvu isiyofika megawati 30. SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, iliundwa mwaka 1970. Mwaka 1989 likaja Ruzizi II, lenye megawati karibu 44, linaloendeshwa na SINELAC kwa niaba ya nchi tatu: Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, pamoja na Rwanda na Burundi. Hapo ndipo frigo za umeme na vile vidude vya kupooza ofisi, ambavyo sisi tunaviita klima, vilipopata sababu ya kununuliwa.

Mashine yenye mwendo mmoja

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Kompresa ya kawaida ina mwendo mmoja tu. Kwa umeme wetu wa volti 220 inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, basi. Haijui kutembea: inakimbia kwa nguvu zote, au inasimama kabisa. Ndani kukipata joto inakimbia. Kukipoa inasimama. Kukipata joto tena, inaanza upya kutoka sifuri.

Kuanza huko ndiko kunakoumiza. Moteri ya aina hii inapoamka huvuta umeme mara 5 hadi 7 kuliko inavyovuta ikiwa katikati ya kazi. Ni kama kusukuma gari lililozimika: hatua ya kwanza ndiyo ngumu. Mahali ambapo umeme ni mwingi na imara, hakuna anayegundua. Lakini kwetu, jioni wakati kila nyumba inapika na kuwasha, volti hushuka. Kompresa inataka kuamka, inashindwa, inanguruma, inapata moto, inajaribu tena. Siku moja waya za ndani zinaungua. Fundi anafika, anagonga, anatikisa kichwa na kusema: "Moteri imekufa."

Na kuna adui mwingine: umeme unaokatika na kurudi baada ya nusu dakika. Gesi bado imebanwa upande mmoja, na kompresa inalazimishwa kuanza dhidi ya shinikizo lile lote. Ndiyo maana mafundi wa zamani walitufundisha: umeme ukikatika, chomoa frigo, na ukirudi hesabu dakika 5 ndipo uchomeke.

Mashine hiyo ilibuniwa na watu ambao kwao umeme haukatiki, ikaletwa kwetu kama ilivyo. Bwawa linazeeka, wakaaji wanaongezeka. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa Bukavu huteremka na kuziba mitambo ya Ruzizi, hivyo taka ya mtu wa Bukavu inakuwa giza la mtu wa Uvira. Oktoba 1996 vita vilifika mjini mwetu, na tangu hapo kila baada ya miaka michache kitu fulani kinakatika: waya, nguzo au barabara ya kuleta vipuri. Mradi wa Ruzizi III, uliokusudiwa kufikia megawati 206, tumeusikia kwa miaka mingi.

Basi tukawa na mji wa frigo zilizokufa. Kuna zilizogeuzwa kabati la nguo, na zilizolazwa chali zikawa sanduku la barafu la muuza samaki. Kila aliyezaliwa Uvira ameiona.

Wajapani wanaipa kompresa miguu ya kutembea

Mwaka 1973, na tena 1979, bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Japani, isiyo na mafuta yake, iliumia sana. Wahandisi wake wakaanza kuuliza: kwa nini mashine ikimbie mbio za mwisho wakati chumba kinahitaji baridi kidogo tu? Kampuni ya Toshiba ikatoa viyoyozi vyenye inverta, na mwaka 1981 ikaleta kile cha nyumbani.

Inverta ni kisanduku cha elektroniki. Kinapokea umeme wa ukutani, kinaugeuza kuwa kama wa betri, kisha kinautengeneza upya kwa kasi kinayoitaka. Kasi ya umeme ikibadilika, mwendo wa kompresa nao unabadilika. Inaweza kuanza polepole, ikapanda hadi mizunguko elfu kadhaa kwa dakika chumba kikiwa na joto kali, kisha ikashuka na kutembea taratibu kutwa nzima bila kusimama. Wataalamu huiita kompresa yenye uwezo unaobadilika.

Faida ni mbili. Ya kwanza, inapotembea taratibu, gesi inapata muda mzuri wa kutupa joto kwenye mabomba yaleyale, kwa hiyo kila kipande cha baridi kinagharimu umeme mchache. Ya pili, na kwetu hii ndiyo kubwa, ule mshtuko wa kuamka haupo. Jenereta ndogo au paneli chache za jua, ambazo zingeshindwa kuamsha kompresa ya zamani, zinaweza kuiamsha hii.

Frigo inayofuata jua

Huenda mnajiuliza, Japani na Uvira wapi na wapi? Daraja ni chanjo.

Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kuanzia mwaka 2001 mashirika kadhaa, yakiwemo WHO, UNICEF, lile la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira, na Greenpeace, yalishirikiana katika mradi ulioitwa SolarChill. Walitaka frigo ya chanjo isiyo na petroli na isiyo na betri, kwa kuwa betri ndizo zilizokuwa zikifa kwanza katika frigo za jua za zamani.

Walichagua kompresa ndogo ya Danfoss, kampuni ya Denmark, inayotumia umeme wa paneli moja kwa moja na yenye mwendo unaobadilika kati ya mizunguko 2,000 na 3,500 kwa dakika. Asubuhi jua likiwa dhaifu, inaanza taratibu. Wingu likipita na ikazimika, inangoja kidogo na kujaribu tena kwa unyonge. Jua likipanda, nayo inapanda. Umeme wa mchana haukuwekwa kwenye betri, uliwekwa kwenye barafu: kuta za frigo zina maji yanayoganda mchana na kulinda chanjo usiku, hata siku kadhaa za mawingu.

Frigo za jua za jinsi hiyo, za watengenezaji mbalimbali, zimeingia Kongo kwa maelfu, kwa msaada wa Gavi na UNICEF. Kazi hiyo ilipata nguvu zaidi baada ya serikali kuzindua Mpango Mashako mwaka 2018, uliopewa jina la marehemu waziri wa afya Leonard Mashako Mamba. Ukipita kwenye kituo cha afya kijijini na kuona paneli juu ya paa wakati mtaa mzima hauna taa, fahamu kwamba mara nyingi paneli hiyo ni ya frigo.

Na sisi tunajua uzito wake. Kipindupindu kimekaa kando ya ziwa hili tangu mwisho wa miaka ya 1970. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Miezi michache baadaye, kati ya Julai na Oktoba, watu wa Uvira walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Chanjo ile, kama nyingine, ilibidi itunzwe kwenye baridi hadi ifike mtaani.

Basi, kompresa ya zamani ibadilishwe?

Sasa tunaweza kumjibu yule anayemuuliza fundi. Jibu linategemea ulicho nacho.

Kama una klima ya zamani ya ukutani, yenye kisanduku cha ndani na cha nje, usilipe mtu abadilishe kompresa peke yake. Kompresa ya inverta haiishi bila ubongo wake: inataka kadi yake ya elektroniki, vipima joto vyake, na mara nyingi vali inayofunguka na kubana kulingana na mwendo. Klima nyingi za zamani zina kibomba chembamba kisichobadilika. Gesi nayo ni tofauti. Za zamani zina R22, nyingi za baadaye zina R410A, ambayo shinikizo lake ni kubwa mara moja na nusu hivi. Ukiyachanganya, bomba linaweza kupasuka. Hapo afadhali uweke akiba ununue seti nzima.

Kama una frigo au kongelateri yenye boksi zima na kuta zisizoloa maji, hapo mabadiliko yanawezekana. Fundi anaondoa moteri ya zamani, anaweka kompresa ndogo ya volti 12 au 24 yenye mwendo unaobadilika pamoja na kadi yake, na unaiunga na paneli. Lakini mlango ukiwa hauzibi, umemwaga maji kwenye kikapu. Anza na mpira wa mlango, ni wa bei ndogo.

Kama ni chumba cha baridi cha samaki au cha hospitali chenye kompresa kubwa ya nyaya tatu, kibadilisha mwendo kinaweza kufungwa kwenye kompresa iliyopo. Lakini isipunguzwe mno. Mafuta yanayolainisha kompresa huzunguka pamoja na gesi, na mwendo ukiwa mdogo sana hayarudi, ikajisaga yenyewe. Mafundi wengi hawashuki chini ya nusu ya mwendo wa kawaida bila kusoma kitabu cha mtengenezaji.

Niseme pia ubaya wake, nisije nikaonekana nafanyia mtu biashara. Kompresa ya zamani ilikuwa mjinga lakini ngumu. Inverta ina akili, na akili hiyo iko kwenye kadi ambayo umeme ukirudi kwa kishindo unaiunguza mara moja. Kadi hiyo huipati kirahisi sokoni Mulongwe. Anayenunua inverta bila kifaa cha kulinda volti amenunua nusu ya mashine. Na fundi asiye na kipimo cha volti mkononi asiiguse.

Jambo la mwisho ni gesi. Zile za zamani zilitoboa tabaka la ozoni, ndiyo sababu nchi za dunia zilikubaliana Montreal mwaka 1987 kuziacha. Hata R22 imepangiwa, kwa nchi kama yetu, kuondolewa karibu yote ifikapo 2030. Zilizofuata hazitoboi ozoni ila zinapasha dunia joto, na Oktoba 2016 mkutano wa Kigali, jirani yetu, uliamua nazo zipunguzwe. Kwa hiyo frigo nyingi mpya zina R600a, gesi ya jamii ya ile ya kupikia, kiasi cha gramu kadhaa tu. Ni nzuri, lakini inashika moto. Fundi asilete moto wa kuchomelea kabla ya kuitoa nje mahali penye hewa. Mwambieni.

Kwa ninyi mlio mbali na nyumbani

Februari 2025 maelfu ya ndugu zetu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengine majini kwa miguu. Hakuna aliyebeba frigo kichwani. Wapo waliobeba insulini, na najua hofu yao. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya. Walikuta aina za insulini walizopima zilibaki na nguvu kwa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Msiitupe dawa kwa sababu tu hamna frigo. Iwekeni kivulini, kwenye chungu chenye unyevu kama maji ya kunywa, na muulizeni muuguzi wa kambi.

Na siku mtakaporudi, msichomeke frigo haraka. Mafuriko ya mto, na ziwa lililopanda miaka hii hadi kuifikia bandari ya Kalundu, yameingia katika nyumba nyingi. Frigo iliyokaa majini ikaushwe na kupimwa kwanza. Muiteni fundi mbele ya jirani, muulizeni ni gesi gani iliyomo, kompresa ni ya mwendo mmoja au ya kubadilika, na volti ya nyumba ni ngapi saa moja ya jioni. Akishindwa kujibu moja kati ya hayo, ngojeni mwingine.

Mwenye swali kuhusu frigo au klima yake alilete, nitalipeleka kwa mafundi na kuwaletea jibu. Nawatakia jioni njema, na kurudi salama.